Jiwe Linalorudi

Mara ya kwanza liliponishika nilikuwa na miaka 15, kidato cha pili, kipindi cha hesabu baada ya mapumziko. Lilianzia mgongoni upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu, nikadhani nimelala vibaya. Dakika chache tu maumivu yakawa yameshuka mpaka kwenye kinena, na mimi niko chini ya dawati natapika. Wenzangu walicheka. Halafu wakaacha kucheka. Nilipopelekwa chooni nilikojoa mkojo mwekundu kama juisi ya rozela.

Kwenye zahanati niliulizwa swali moja tu: "Unaogelea mtoni wewe?" Naam, nilikuwa naogelea. Mtoto gani wa Muheza asiyeogelea? Basi likaandikwa neno moja kwenye daftari langu, kichocho, nikapewa vidonge nikarudishwa nyumbani. Sina kinyongo na yule aliyeandika. Kwetu mvulana akikojoa damu, wa kwanza kushukiwa ni kichocho, na mara nyingi huwa ndiye. Lakini siku ya tatu, alfajiri, nililia mpaka mama akaamka, na ndani ya kopo tukakuta kitu kimezama chini: kijiwe cha rangi ya kahawia, kidogo kuliko punje ya mtama, kina ncha ncha. Mama alikikunja kwenye karatasi akakitia kwenye droo ya cherehani. Bibi alisema hilo ni jambo la watu. Jirani yetu akasema hapana, hayo ni mawe ya figo, ila ni maradhi ya wazee, sasa mtoto huyu kayapata wapi?

Maumivu yakaisha, tukasahau.

Mara ya pili nilikuwa na miaka 18, kidato cha nne, ndani ya chumba cha mtihani wa Kiswahili, somo nililokuwa nalitegemea kuliko yote. Nilitolewa nikiwa nimejibu maswali mawili. Matokeo yalipobandikwa sikushangaa. Siku hizi naishi kwa mjomba Mbagala, nafanya kazi kwenye kibanda cha steshenari, nachapa barua za watu, na usiku naandika riwaya yangu ambayo bado haijapata mwisho.

Safari ile ya pili nilipimwa altrasaundi katika hospitali moja ya hapa mjini. Jiwe moja lilikuwa limekaa ndani ya figo la kushoto na jingine dogo limenasa kwenye mrija unaoshusha mkojo. Daktari, kijana tu, aliniuliza, "Kwani mara ya kwanza hukuambiwa kwamba hili hurudi?"

Ndugu msomaji, sikuambiwa. Na tangu siku ile swali lake limenikaa. Kama jiwe hurudi, limekuwa likirudi tangu lini? Na kama ni maradhi ya wazee, mimi nilikuwa natafuta nini humo? Nilianza kusoma maktabani na kwenye kompyuta ya kibandani wateja wanapokuwa wachache. Nilichokikuta kilinishangaza. Ukiichimba historia ya maradhi haya mpaka chini kabisa, unayemkuta kule chini ni kijana wa shule.

Simaanishi mfano. Mwaka 1901, huko El Amrah, Misri ya Juu, mtaalamu wa miili ya kale Grafton Elliot Smith alikuta jiwe la kibofu katikati ya mifupa ya nyonga ya maiti iliyozikwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya mafarao. Mifupa ile ilikuwa ya kijana wa miaka 16 hivi. Hilo ndilo jiwe linalotajwa katika vitabu vingi kuwa la kale kuliko yote yaliyopata kujulikana. Lilipelekwa London, likawekwa katika jumba la makumbusho la Chuo cha Kifalme cha Madaktari Wapasuaji. Mwaka 1941 mabomu ya Wajerumani yakalipiga jumba lile na jiwe likapotea. Yaani lilivumilia kaburi miaka elfu na elfu, likaja kuuawa na vita isiyolihusu. Na kijana mwenyewe? Hakuna anayejua jina lake. Lakini mimi najua alivyokuwa akijikunja usiku.

Huko huko Misri, mwaka 1910, Marc Armand Ruffer alipasua figo za maiti mbili zilizokaushwa enzi za mafarao akakuta mayai ya mdudu wa kichocho. Kwa hiyo yale maradhi mawili yaliyochanganywa kwenye daftari langu yamekuwa yakiishi pamoja katika bonde la Nile kwa maelfu ya miaka, kila moja likitoa damu katika mkojo wa vijana. Kosa la zahanati yetu lina mizizi mirefu.

Kabla sijaendelea, hebu niseme jiwe hili ni nini, maana hata mimi nilidhani nimemeza mchanga. Wenzangu wa pwani mmeona mashamba ya chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye vijaruba, jua linayakausha, na chumvi inabaki chini imeganda. Figo linapopungukiwa maji hufanya kitu cha namna hiyo. Mkojo una madini na chumvi zilizoyeyuka: kalisi, oksaleti, asidi ya mkojo na nyinginezo. Maji yakipungua, au moja ya vitu hivyo ikizidi, chembe huganda, chembe huvuta chembe. Haba na haba hujaza kibaba. Jiwe likitulia ndani ya figo linaweza kukaa kimya miezi mingi. Siku likiingia kwenye mrija mwembamba kuelekea kibofu ndipo unapomjua Mungu wako.

Watu wa kale hawakuwa na altrasaundi, lakini jiwe la kibofu waliweza kuligusa kwa kidole. India, tabibu Sushruta aliandika namna ya kumpasua mgonjwa alitoe. Ugiriki, kiapo cha matabibu kinachobeba jina la Hippocrates kilimkataza tabibu kupasua wenye mawe. Kazi hiyo iachwe kwa mafundi wake, maana ilikuwa ya hatari na yenye kuharibu jina. Roma, karne ya kwanza, Celsus akaeleza upasuaji ule hatua kwa hatua, na hapo nilisoma mara mbili: alisema ufanywe kwa watoto wa miaka 9 mpaka 14. Mtu mwenye nguvu huketi kwenye kiti kirefu na kumpakata mtoto, miguu imekunjwa na kushikwa. Tabibu huingiza vidole viwili kwa nyuma, mkono wa pili unabonyeza tumbo mpaka jiwe lisogee mlangoni mwa kibofu, kisha kisu hupita kati ya siri na njia ya haja kubwa, na jiwe huvutwa kwa kulabu. Nusu kaputi haikuwapo.

Waislamu wa zama za kati hawakuliacha somo hili. Al-Razi, aliyefariki mwaka 925, aliandika kitabu kizima juu ya mawe ya figo na kibofu. Al-Zahrawi wa Cordoba, Hispania, aliyekuja baada yake, alieleza upasuaji na kuchora vyombo vyake, kikiwemo kikekee chembamba cha chuma cha kutobolea jiwe lililonasa kwenye njia ya mkojo ili livunjike litoke vipande vipande. Fundi seremala wa hapa mtaani angekielewa chombo kile bila kufafanuliwa.

Sasa nimlete mtu wangu. Ninamwita wangu kwa sababu alikuwa mwandishi, na kwa sababu alipopasuliwa alikuwa na miaka 25, karibu sawa na mimi. Ni Samuel Pepys wa London, aliyezaliwa mwaka 1633. Yeye mwenyewe alieleza kwamba hakumbuki maisha yake bila maumivu ya jiwe, na kwamba tangu utotoni akijitikisa sana alikuwa akikojoa damu. Tarehe 26 Machi 1658 alifungwa kamba kwenye meza nyumbani kwa binamu yake, akakatwa na mpasuaji Thomas Hollier, na jiwe lililotoka lilikuwa na ukubwa wa mpira wa tenisi wa siku zile. Akapona. Akaweka nadhiri ya kufanya karamu kila mwaka tarehe ile, na jiwe lenyewe akalitengenezea kasha. Mwaka 1660 akaanza kuandika shajara, ambayo leo ndiyo inayotuambia London ya wakati ule ilivyokuwa, tauni yake na moto wake mkubwa.

Nilipofika hapo nilifurahi. Nikasema, naam, huyu katolewa jiwe lake, kaandika, kaishi. Kumbe hadithi haijaisha. Pepys alipofariki mwaka 1703 mwili wake ulipasuliwa, na katika figo la kushoto yakakutwa mawe saba. La kushoto, kama langu. Lilikuwa limetolewa jiwe moja, lakini kilichokuwa kikiyatengeneza mawe kilibaki ndani yake akitembea nacho miaka 45.

Hapo ndipo nilipoanza kuona uzi wa historia hii. Kwa karne nyingi akili yote ilielekezwa kwenye kulitoa jiwe: kwa kisu kipi, kwa upande upi, kwa dakika ngapi. Swali la kwa nini lilikuja, na kwa nini litarudi, lilibaki bila mwenyewe.

William Cheselden, mpasuaji wa London, alianza mtindo wake mpya mwaka 1727, na alikuwa na mkono mwepesi kiasi kwamba aliweza kumaliza kazi kwa muda usiofika dakika moja. Alikuwa pia mtu wa hesabu. Katika wagonjwa 213 aliowapasua na kuwaandika, walikufa 20. Lakini tazama umri wao: 105 walikuwa chini ya miaka 10, na wengine 62 walikuwa kati ya miaka 10 na 20. Jumlisha uone. Watu 167 katika 213 walikuwa watoto na vijana! Katika hao walikufa saba tu, na wale watu wazima 46 waliobaki walikufa 13. Jirani yetu wa Muheza aliyesema ni maradhi ya wazee angeshangaa kuiona orodha hiyo.

Na woga wa kisu ulikuwa mkubwa mno. Mwaka 1739 Bunge la Uingereza lilikubali kumlipa mwanamke mmoja, Joanna Stephens, pauni 5,000 ili aitoe hadharani dawa yake ya kuyeyusha mawe. Alipoitoa ikaonekana ni maganda ya mayai na konokono waliochomwa, sabuni na majani. Tusiwacheke. Mimi mwenyewe nimeshapewa mizizi ya kuchemsha, nimeambiwa ninywe bia itayasukuma, nikaambiwa ninywe dafu kila asubuhi. Daktari nilipomweleza habari ya dafu alicheka akasema, "Kunywa bwana, lakini usiache maji." Ile mizizi na ile bia alinikataza.

Mji wa Norwich, mkoa wa Norfolk, mashariki ya Uingereza, ulikuwa mashuhuri kwa mawe. Hospitali yake ilipofunguliwa miaka ya 1770, upasuaji wa mawe ulikuwa miongoni mwa kazi zake kubwa, na madaktari walihifadhi mawe yenyewe na kuandika wenyewe walikuwa nani. Wengi walikuwa watoto wa maskini, na wavulana kuliko wasichana. Kutoka Norwich ndiko kulikotoka jiwe ninalolipenda kuliko yote, kama mtu anaweza kupenda jiwe. Dokta Reeve alikuwa nalo jiwe lililotolewa kwa ndugu yake alipokuwa na miaka mitano. Alimpa mwanakemia William Hyde Wollaston, naye mwaka 1810 akatangaza kwamba jiwe lile halifanani na mengine. Lilikuwa na kitu kipya, ambacho baadaye kilipewa jina la sistini, kutokana na neno la Kigiriki la kibofu. Leo tunajua sistini ni moja ya vijenzi vya protini, imo kwenye nywele zetu na kucha zetu. Elimu hiyo ilianzia kwenye kibofu cha mtoto wa miaka mitano.

Mwaka 1908 daktari Archibald Garrod akaeleza kwamba kuna watu wanaozaliwa na kasoro katika namna mwili unavyochakata vitu, kasoro inayopita kwenye ukoo, na ugonjwa wa sistini kwenye mkojo ulikuwa mmoja wa mifano yake minne. Hatimaye kukawa na mtu aliyeuliza kwa nini. Mwenye ugonjwa huo unaweza kumtoa jiwe leo, na kesho, na mwakani. Litarudi, mpaka kinacholitengeneza kishughulikiwe.

Lakini wale watoto wengi wa Norwich hawakuwa na kasoro ya ukoo. Walikuwa na njaa ya aina fulani. Karne ya 19 ilipoelekea ukingoni na chakula cha maskini wa Ulaya kikawa bora, mawe ya kibofu kwa watoto yalianza kupungua, mpaka yakawa karibu yamekwisha kule. Si kisu kilichoyamaliza. Ushahidi ulikuja miaka ya 1960 kutoka Ubon, kaskazini mashariki ya Thailand, ambako watoto walikuwa bado wanaugua. Aree Valyasevi na Scott Halstead na wenzao walikuta kwamba watoto wachanga kule walikuwa wakilishwa wali wa kunata mapema mno, wangali na umri wa wiki chache, badala ya kuachiwa maziwa ya mama peke yake. Chakula hicho kina fosfati kidogo, na mkojo wao ukajaa chembe za kuganda. Watoto walipoongezewa fosfati chembe zikapungua. Jiwe lilikuwa linapikwa jikoni, kwa upendo, na mama aliyedhani anamshibisha mwanawe.

Na sisi Waafrika? Mwaka 1937 daktari Vermooten aliandika kwamba mawe ya figo yalikuwa adimu mno kwa watu weusi wa Afrika Kusini. Maandishi ya namna hiyo yaliwafanya wengi waamini kwamba Mwafrika halimhusu. Nadhani imani hiyo ilikuwa na mimi kwenye zahanati siku ile, imekaa kwenye benchi. Ila kaskazini yetu kidogo, kuanzia Misri na Sudan, kuvuka Bara Arabu, kupita Pakistani na India mpaka Thailand na Indonesia, kuna eneo ambalo madaktari wameliita ukanda wa mawe, nchi za joto ambako jiwe huwashika wakubwa kwa wadogo. Vijana wenzetu wanaokwenda Oman na Dubai kutafuta maisha, wakasimama juani mchana kutwa, wako ndani ya ukanda huo huo.

Tarehe 7 Februari 1980, Munich, Ujerumani, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine inayolivunja jiwe kwa mawimbi ya mshindo kutoka nje ya mwili, bila kisu. Kampuni ya ndege ya Dornier ndiyo iliyoitengeneza, baada ya wahandisi kuchunguza namna matone ya mvua yanavyoipiga ndege iendayo kasi kuliko sauti. Ukifikiria yule mtoto wa Celsus aliyepakatwa kwa nguvu, unaona binadamu tumetoka mbali. Lakini mawimbi yale nayo hulivunja jiwe lililopo. La kesho hayaligusi.

Na la kesho linakuja kwa vijana. Huko Marekani, jimbo la South Carolina, watafiti walihesabu wagonjwa kati ya 1997 na 2012 wakaona kwamba ongezeko kubwa kuliko yote lilikuwa kwa wenye miaka 15 hadi 19. Safari hii si kibofu cha mtoto mwenye njaa. Ni figo la kijana anayekula chumvi nyingi na kunywa maji kidogo kwenye dunia inayozidi joto. Mtaalamu mmojawapo, Gregory Tasian, na wenzake walifuatilia watoto na vijana waliopata jiwe kwa mara ya kwanza, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2017 yalionyesha kwamba karibu nusu yao lilirudi katika miaka mitatu. Nusu, katika miaka mitatu! Mimi nilikuwa na 15, likarudi nina 18. Nilikuwa ndani ya hesabu bila kujijua.

Je, kuna la kufanya? Lipo, na hili ndilo lililonifanya niandike makala haya badala ya kuendelea na sura ya nane. Huko Italia, Loris Borghi na wenzake waliwafuata kwa miaka mitano watu wazima 199 waliopata jiwe mara ya kwanza. Nusu waliambiwa wanywe maji ya kutosha kutoa lita mbili za mkojo kwa siku, nusu hawakuambiwa kitu. Matokeo yakachapishwa mwaka 1996: kwa walioambiwa, jiwe lilirudi kwa 12 katika kila 100. Kwa wasioambiwa, 27. Mwaka 2002 wakaonyesha pia kwamba kumnyima mgonjwa maziwa, kama watu walivyozoea kushauri, si dawa. Waliokula kalisi ya kawaida, wakapunguza chumvi na nyama, walifanya vizuri zaidi kuliko walionyimwa kalisi. Mimi nilikuwa nimeacha maziwa miaka mitatu, kwa ushauri wa watu.

Maji, basi. Unaona ilivyo rahisi kuandika. Lakini shuleni kwetu vyoo vilikuwa matundu manne kwa shule nzima, na milango miwili. Tulikuwa hatunywi maji makusudi ili tusiende. Wasichana ndio zaidi, walikuwa wanakaa tangu asubuhi mpaka saa tisa na midomo imekauka. Chakula cha mchana chipsi na chumvi juu yake, na soda ukiwa na hela. Hakuna mwalimu aliyetutesa na hakuna aliyetukataza maji. Tulijinyima wenyewe kwa aibu, na kwa wengine aibu ile iliganda ikawa jiwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hata hatukujua kwamba tunaficha kitu.

Mwezi wa Machi mwaka huu nilikwenda nyumbani Muheza. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 11. Usiku alikuja kitandani kwangu akaniambia, "Kaka, mgongo unauma huku." Aliponionyesha pale anapopaita huku, mwili ulinisisimka. Mama alisema tusubiri, huenda amebeba ndoo vibaya. Bibi hakusema kitu safari hii. Mimi nilimwambia mama, "Mimi mlinisubiria, mama." Nilijuta kabla sentensi haijaisha, kwa sababu hakuwa na namna ya kujua, na aliyekaa na mimi alfajiri ile alikuwa yeye. Hakunijibu. Asubuhi nilimkuta ameshamvalisha mtoto viatu.

Tulikuja naye mjini. Altrasaundi haikuonyesha jiwe, ila mkojo wake ulikutwa na chembe. Daktari akatueleza kwamba mtoto akiwa na dalili hizi huchunguzwa kwa kina kuliko mtu mzima, kwa sababu nyuma yake huweza kuwepo kasoro ya mwilini au ya ukoo, na ikijulikana mapema figo huokoka. Tukapewa dumu tukusanye mkojo wa saa 24. Mdogo wangu aliona raha sana kukojoa kwenye dumu kwa amri ya daktari. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, jiwe lako la kwanza lilipimwa ni la aina gani?" Nikamwambia hapana, lilitoka nyumbani, miaka minane iliyopita. Akasema ni hasara, maana lingetueleza mengi juu yenu wote wawili.

Hapo mama akafungua pochi. Akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nyingi, imekuwa ya njano. Alikuwa ameipitia kwenye droo ya cherehani kabla hatujapanda basi. Daktari aliifungua juu ya meza. Kijiwe kilikuwepo, kahawia, kina ncha zake, kama siku ile.

Kimetiwa kwenye bahasha, kimepelekwa maabara. Majibu bado. Nyumbani tumenunua dumu la lita tano, tumeandika juu yake jina la mdogo wangu kwa kalamu ya wino mzito, na kila jioni nampigia simu mama kumuuliza limebaki kiasi gani.